Jua la Alasiri kwa Kitindamimba

Chumba chetu hakikuwa na dirisha hata moja, lakini kila alasiri mimi ndiye niliyejua jua limefika wapi. Lilikuwa limefika kwa Kitindamimba. Taa yake iliacha ukijani ikawa njano, kengele ikalia kidogo kama kijiko kilichogusa kikombe, nami nikabonyeza kuonyesha kwamba nimesikia. Kisha niliandika sababu. Sababu ilikuwa neno moja: jua.

Kitindamimba alikuwa seva. Kampuni yetu iliuza vifaa vya ujenzi, saruji na mabati na misumari, na kila tawi lilikuwa na seva yake katika chumba kidogo cha nyuma. Seva ikizima, risiti hazitoki, na wateja wanapanga foleni mpaka barabarani huku wakitusema vibaya. Ndiyo maana makao makuu kulikuwa na chumba cha kutazama. Ukutani palikuwa na skrini kubwa, na kwenye skrini taa nyingi, kila taa mtambo mmoja, zimeunganishwa kwa mistari myembamba. Programu ndiyo iliyopima yote: nani kachoka, nani kajaa, nani kapotea mtandaoni, nani ana joto. Kazi yetu sisi ilikuwa kuitazama programu ikitazama.

Mitambo ilikuwa na majina marefu ya herufi na namba, majina yasiyokaa mdomoni. Mjomba alishaipa majina ya nyumbani kabla mimi sijafika. Huyo Mjomba, niliyekaa naye zamu, hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale, ila alikuwa na kitambi cha mjomba na utani wa mjomba. Seva ya zamani kuliko zote aliiita Bibi, maana ukiiharakisha inagoma. Kulikuwa na Mapacha, mmoja akiugua mwenzake anabeba kazi ya wote wawili. Na Kitindamimba alikuwa wa tawi la mwisho kufunguliwa, kule mlimani mji unapoishia. Kama vitindamimba wengine, alidekezwa na alilia.

Mimi nilipewa jina siku ya kwanza.

"Kimya, hali?" Mjomba aliniuliza kila alipoingia.

"Tupo."

"Unaona? Jina nilikupa kwa haki. Neno moja ukiingia, neno moja ukitoka, na yote mawili ni tupo."

Nilicheka ndani kwa ndani. Nilikipenda chumba kile kwa sababu hakuna aliyenitaka niseme zaidi. Kiyoyozi kilipuliza baridi, mitambo ya chumba cha pili ilivuma kama watu wengi wanaosali kwa pamoja, mbali, na taa zile za kijani zilitulia ukutani. Nikizitazama kwa muda mrefu zilikuwa si taa tena. Zilikuwa nyumba zinazoonekana kutoka juu ya kilima, na ndani ya kila nyumba kuna mtu ameamka. Wakati mwingine nilijiona natembea juu ya ile mistari myembamba kutoka nyumba hadi nyumba, miguu mitupu, nachungulia madirishani. Bibi amekaa kitako anahesabu mambo yake ya zamani. Mapacha wanapokezana mzigo. Kwa Kitindamimba nilikawia zaidi. Nilijua chumba chake kina dirisha upande wa machweo, basi niliona jua likipanda kizingiti, likiingia taratibu kama mgeni asiyebisha hodi, likikaa.

Siku za joto kali taa ya njano ilikuwa ikielekea nyekundu. Hapo nililazimika kupiga simu tawini waache mlango wazi. Ilikuwa ndiyo simu pekee niliyoweza kupiga bila kutetemeka, kwa sababu aliyepokea alikuwa karani mmoja mwanamke ambaye alisema kwa ajili yetu wote wawili.

"Dada wa simu," alikuwa akiniambia, "najua, najua. Jua limekuja, na wewe umekuja nyuma yake. Nimeshafungua. Wewe kaa hukohuko kwenye baridi yako, sisi huku tunaiva."

Kuna kipindi alipotea, akawa anapokea mwanamume mmoja ambaye kila nilichosema alijibu "haya" na kukata. Kisha sauti yake ikarudi, imechoka kidogo, lakini ileile. Nilifurahi siku ile kama mtu aliyetembelewa. Sikumwambia.

Haukupita muda, alasiri moja Kitindamimba hakulia.

Nilingoja. Nilidhani ni mawingu. Nikatoka hadi kwenye ngazi, nikakuta jua limetanda nje, ukuta wa jengo la mbele unawaka, mbwa wamelala chini ya magari. Nikarudi. Taa ya kijani. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Mkono wangu ulikuwa umezoea, ulijisogeza wenyewe kwenye kitufe saa ile, ukakuta hakuna cha kubonyeza, ukarudi mapajani.

Mwishowe nikasinzia macho wazi. Nikaona nimeingia chumba cha Kitindamimba, na jua lile limekaa kwenye kiti, kubwa, mikono mapajani. Nikaliuliza mbona siku hizi haligusi kitu. Likasema, nimeambiwa ninyamaze. Nikauliza, na nani. Mjomba akanigusa bega, Bosi alikuwa mlangoni.

Bosi alikuwa mtu wa kutembea haraka hata akiwa amesimama. Aliangalia ukuta, akaangalia sisi.

"Wiki nzima," alisema. "Wiki nzima hakuna kengele hata moja iliyohitaji mtu. Seva ikianguka programu inaiamsha. Diski ikijaa inaipunguza. Kilichokuwa kinatushinda ni lile jua la mlimani tu."

"Jua haliwashwi upya, bosi," Mjomba alisema.

"Basi limejizima lenyewe." Bosi alicheka, kisha akaacha, akanigeukia. Alikuwa na aibu kidogo, niliiona. "Kiti cha alasiri kimewekwa kwa sababu ya ile kengele. Kama hailii, sina la kuwaambia wenye kampuni. Mwisho wa mwezi nitakiondoa. Lakini sitaki kufanya mambo kwa pupa. Inawezekana kipimajoto cha kule kimekufa. Keshokutwa fundi atakwenda kukagua. Kikiwa kimekufa kitabadilishwa, na Kimya atabaki na jua lake."

Moyoni nilikiombea kipimajoto kile kiwe kimekufa, tena kifo kizuri, kisicho na ubishi.

Alipotoka Mjomba aliniambia, "Kimekufa tu hicho. Vitu vinavyotoka kwenye maboksi ya siku hizi havina umri."

"Na kama hakijafa?"

Aligeuka anitazame vizuri. Lilikuwa swali langu la kwanza tangu tuanze kukaa wote. "Kama hakijafa," alisema, "basi kuna mtu kaingia kule, na atakiona cha moto. Unakumbuka mlinzi aliyeanika soksi nyuma ya seva?"

Nani asiyekumbuka. Kwenye tawi moja mlinzi aligundua kwamba upepo unaotoka nyuma ya mtambo unakausha vizuri, akaanika soksi zake. Bosi alimfukuza siku ileile, na mtu akaondoka na soksi mbichi mfukoni. Chumba cha mitambo haingii mtu bila ruhusa, na ruhusa alikuwa anatoa Bosi mwenyewe.

Nyumbani nilikuwa nakaa kwa dada yangu na shemeji. Shemeji alikuwa na duka la vifaa vya simu, makava na chaja, sokoni, mahali ambapo kila mwenye duka anapiga kelele kumzidi jirani. Nilipowaambia habari ya kiti, alipiga meza kwa furaha.

"Kaunta ipo inakungoja. Utaniitia wateja."

"Huyu?" dada alisema. "Huyu hata paka anamwita kwa mkono."

"Atazoea. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku akifungua mdomo soko zima litahama."

"Mwache mdogo wangu ale."

Nilikula nikitazama sahani. Niliwahi kusimama kwenye ile kaunta kabla ya kupata kazi ya kutazama. Watu walikuja, wakaniangalia, maneno yakakusanyika kooni kama kondoo mlangoni, yote yanataka kutoka kwa pamoja, halitoki hata moja. Mteja anaondoka. Shemeji hakunigombeza hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilipofika chumba cha taa nilijua nimepata mahali pangu duniani, kiti kimoja kwenye baridi, kazi ya kusikia.

Siku iliyofuata ilikuwa ya mapumziko yangu, na fundi alikuwa hajaenda bado. Nilipanda basi la mlimani. Sikumuaga mtu.

Tawi lilikuwa dogo kuliko nilivyolijenga kichwani. Mabati yameegemezwa ukutani, mifuko ya saruji, ndoo za rangi, vumbi jeupe kwenye kila kitu kama ndoto ya unga. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamke mwembamba, kalamu kwenye nywele.

"Karibu, tukusaidie nini?"

"Nimetoka makao makuu," nilisema.

Kalamu ilikaribia kuanguka. Alinitazama, kisha akaegemea mbele. "Sema tena."

"Nimetoka makao makuu."

"Wewe ndiye dada wa simu." Uso wake ulifunguka. "Mwenyewe. Mimi nilidhani wewe ni mama wa makamo, mnene, umevaa sweta. Kumbe ni katoto hivi." Akanishika mikono yote miwili juu ya kaunta. Halafu akakumbuka nilikotoka, na mikono yake ikapoa ndani ya yangu. "Umekuja kwa wema au kwa ukaguzi?"

"Seva hailii," nilisema. "Nilitaka kujua kwa nini."

Alitazama mlango wa nyuma. Alitazama barabara. Mteja mmoja alikuwa anachagua bawaba, akamwambia aendelee kuchagua, asiondoke na kitu. Akanichukua.

Chumba kilikuwa kama nilivyokiota na hakikuwa. Kabati la mtambo, taa ndogo zinapepesa, feni inavuma, kiyoyozi cha zamani kinajikohoza juu. Dirisha lilikuwa upande wa machweo kweli. Lakini juu yake palining'inia kitambaa kizito cha buluu chenye maua, kimebanwa kwa vibanio vya nguo, na jua lote lilikuwa limesimama nyuma yake. Mwanga uliopenya ulikuwa wa buluu. Chumba kizima kilikuwa kama chini ya maji.

Kwenye sakafu, kwenye kona ya mbali na kabati, palikuwa na godoro dogo, na juu yake mtoto mchanga, amelala, mdomo wazi, mikono imeinuliwa kama mtu aliyejisalimisha.

"Mama mkwe ndiye anayemlea," karani alisema kwa kunong'ona, haraka haraka. "Ameanguka, mguu umevunjika, yuko kitandani. Mume wangu yuko safarini. Huko mbele vumbi la saruji, litamuua. Hapa pako baridi, na ule mvumo unamlaza kuliko mimi. Nasikia nikiwa kaunta akilia. Ni mpaka bibi yake asimame tu. Kulea mimba si kazi, dada, kazi ni huku."

Nilikitazama kipimajoto kilichobandikwa ubavuni mwa kabati. Kilikuwa kizima. Namba zake zilibadilika mbele ya macho yangu, zikapanda kidogo, zikashuka, zinapumua.

"Jua lilikuwa linampiga usoni," aliendelea, "nikatundika pazia. Na nikasema, wacha na yule mtu wa makao makuu nimpunguzie kazi. Kila siku unahangaika na simu kwa ajili ya jua letu. Nikasema sasa atapumzika." Alitabasamu kwa wasiwasi. "Umepumzika?"

"Nimepumzika," nilisema.

Aliitwa kaunta. Yule wa bawaba alikuwa amechagua. Karani aliniangalia, nikamwashiria aende, naye akaenda.

Nilibaki na mtoto na Kitindamimba na mwanga wa buluu. Kibanio kimoja kilikuwa kimeachia, na kona ya pazia ilikuwa imelegea. Nilikwenda kuishika. Nilipoisogeza, jua liliingia, mstari mmoja mrefu wa dhahabu, ukapita sakafuni, ukafika ubavuni mwa kabati. Nilitazama namba. Zilianza kupanda. Sikuwa nimefanya neno, nilishika tu kitambaa, na mbali kule, kwenye chumba kisicho na dirisha, kama ningeendelea kusimama hivi, taa ingegeuka njano. Mjomba angeruka kwenye kiti. Angesema, huyo, karudi. Fundi angepewa kazi nyingine, Bosi angenuna kidogo, na mimi ningerudi kwenye kiti changu cha baridi kutembea juu ya mistari mpaka nizeeke. Sikuhitaji kumshtaki mtu. Sikuhitaji hata kufungua mdomo. Kibanio kilikuwa kimeachia chenyewe.

Jua lilikuwa linasogea. Liliacha kabati, likapita godoroni, likafika kwenye unyayo wa mtoto. Unyayo ulikuwa mdogo mno, una mikunjo kama jani lililofunguka asubuhi hiyo. Vidole vilijikunja kwa joto. Hakuamka. Alikunja uso tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoyasikia maneno fulani.

Karani aliporudi alinikuta bado nimeshika ile kona.

"Nipe msumari," nilimwambia.

"Msumari?"

"Duka zima la misumari, na pazia lako linashikwa na vibanio vya nguo. Fundi wa makao makuu angecheka mpaka azimie. Nipe na nyundo. Ya mpira, asiamke."

Alinitazama kama niliyeingia ni mtu mwingine. Alileta. Tulipigilia pembe zote, yeye ameshika kitambaa, mimi nyundo, tunapiga kila feni ilipovuma kwa nguvu. Tulipomaliza hakukuwa na ufa hata mmoja. Buluu tupu. Mtoto alinyoosha mguu wake, akashusha pumzi ndefu ya mzee aliyemaliza shughuli zake.

Asubuhi niliwahi kazini kabla ya fundi kuondoka. Nilimkuta Bosi kwenye korido, funguo mkononi. Maneno yalikusanyika kooni kama kawaida yao. Nikayaacha yasukumane, moja likapata nafasi.

"Bosi, fundi asiende mlimani."

"Kwa nini?"

"Nimekwenda mwenyewe jana. Kipimajoto kizima. Wameweka pazia dirishani, zito, limepigiliwa. Jua haliingii."

"Pazia." Alilitafakari lile neno. "Tumenunua programu ya kupima mpaka joto la skrubu, hakuna aliyefikiria pazia. Nani kaweka?"

"Karani wa pale. Kwa akili yake."

"Na mitambo? Umeiangalia vizuri?"

"Iko salama. Nimekaa nayo mpaka jua limepita."

Hakuuliza zaidi. Labda kwa sababu hakuwahi kunisikia nikisema mengi hivyo, alidhani nimemaliza vyote nilivyokuwa navyo. Alicheza na funguo zake.

"Unajua hii ina maana gani kwa kiti chako?"

"Najua."

"Ungeweza kumwacha fundi aende akajionee. Ungepata siku kadhaa za ziada."

"Angesumbuka bure," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, akaenda kumwambia fundi ashushe vifaa kwenye gari.

Mjomba alinisema zamu nzima. Alisema mimi ndiye mtu wa kwanza aliyemwona akijifukuza kazi kwa nauli yake mwenyewe. Alisema nyumba ikikosa kitindamimba wa kulia inakuwa hoteli. Kisha akaninunulia chai, akaiweka mezani pangu bila utani wowote. Kwa Mjomba hiyo ilikuwa hotuba.

Mwezi ulikwisha bila kengele. Siku ya mwisho taa zote zilikuwa kijani na mstari kati yao haukutikisika. Nilipita nyumba kwa nyumba kama nilivyozoea. Kwa Bibi. Kwa Mapacha. Mlimani nilikuta dirisha la buluu limefungwa, nikasikia mvumo, nikasikia chini ya mvumo pumzi nyingine ndogo ambayo programu haikuwa na taa yake. Sikubisha. Nikarudi polepole juu ya mstari mpaka kwenye kiti, nikachukua mkoba wangu.

Nje ilikuwa bado alasiri. Niligundua kwamba tangu nianze kazi ile sikuwahi kutoka kazini saa hiyo. Jua lilikuwa limejaa kila mahali, kwenye vioo vya magari, kwenye masikio ya watu, na halikuwa linamsumbua yeyote. Kesho yake nilikuwa natakiwa kaunta kwa shemeji mapema. Nilitembea kando ya ukuta nikijifunza.

"Karibu," nilisema kwa sauti ya ndani. Haikufaa. Nikasema tena, kwa nguvu kidogo. "Karibu, tukusaidie nini?"

Mwanamume aliyekuwa mbele yangu, amebeba ngazi begani, akageuka kuona kama anayeitwa ni yeye.